Picha za polisi na waanarkisti wa Paris: nani hasa alimtambua nani?

Swali: "Nimeona picha za watu waliokamatwa Paris mwaka 1894. Kila mmoja kapigwa mara mbili, uso na ubavu, na pembeni kumeandikwa jina lake na kazi yake: fundi viatu, mshona nguo, seremala. Maelezo yanasema walikuwa waanarkisti. Je, picha hizi ziliwasaidia polisi kweli kuwanasa watu wa siasa kali, au zilikuwa za kuwatia hofu tu? Na kwa nini lazima ubavu?" (Msomaji, Mwanza)

Jibu: Ndugu msomaji, la ubavu ndilo rahisi, lakini nitalifikia katikati kwa sababu halieleweki bila habari za kabati la kadi za polisi. Nianze na lile la kwanza. Picha peke yake ilinasa watu wachache mno. Waanarkisti, yaani watu wasiotaka kuwepo serikali yoyote, waliolipua mabomu Paris kati ya 1892 na 1894 walinaswa na macho ya watu waliokuwa karibu nao, na midomo ya wenzao, na miguu ya polisi waliowakimbiza barabarani. Picha ilipigwa mtu akiwa tayari ana pingu. Kazi yake ilikuwa nyingine, na hiyo ndiyo inayofaa tuiangalie vizuri.

Polisi walianza kuwapiga picha wafungwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na haikupita miaka mingi Ubelgiji ikawa imeshaanza kuwaweka wafungwa mbele ya kamera. Mwaka 1852 serikali ya Uswisi ilimpa kazi Carl Durheim wa Bern kuwapiga picha watu wasio na makazi. Gereza la Mountjoy, Dublin, lilianza mwaka 1857, na hapo ndipo siasa ilipoingia. Mwaka 1865 na 1866 Waingereza waliwakamata Wafenia, yaani wanachama wa udugu wa siri uliotaka kuikomboa Ireland kwa silaha. Sheria ya kumfikisha mtu mahakamani ikasimamishwa Februari 1866, watu wakawekwa ndani bila mashtaka, na wakiwa humo wakapigwa picha. Thomas Larcom, mtendaji mkubwa wa serikali pale Dublin, alizikusanya picha hizo kwenye albamu, na albamu hizo leo ziko katika maktaba ya umma ya New York.

Paris nayo ilikuwa na somo lake. Mwaka 1871, kuanzia Machi 18 hadi Mei 28, jiji lilikuwa mikononi mwa Komuni, utawala wa wafanyakazi na askari wa mtaa waliokataa kuitii serikali iliyohamia mji jirani wa Versailles. Watu wa Komuni walipenda kupigwa picha. Mei 16, walipouangusha mnara wa Napoleon katika uwanja wa Vendôme, walijipanga mbele ya kamera na bunduki zao, na wengine wakapanda juu ya vifusi ili waonekane. Jeshi la Versailles lilipoingia na kuua maelfu ya watu katika wiki moja, picha zile za fahari zikageuka kuwa ushahidi mikononi mwa wapelelezi. Halafu mpiga picha mmoja, Eugène Appert, akaruhusiwa kuingia kwenye magereza ya Versailles kuwapiga wafungwa. Nyingine aliziuza. Alifika mahali pa kukodi waigizaji, kuwapanga waigize mauaji yaliyofanywa na Komuni, kisha kubandika vichwa vya watu halisi juu ya miili ya waigizaji. Wanaodhani picha za kughushi za kisiasa zimeletwa na kompyuta waitazame kazi ya Appert.

Tatizo la polisi baada ya hapo halikuwa upungufu wa picha. Zilikuwa nyingi kupita kiasi. Alphonse Bertillon, mtumishi wa polisi hao, aliandika kwamba polisi wa Paris walikusanya picha zaidi ya 100,000 katika miaka kumi, na akauliza kama kuna mtu anayeweza kuzilinganisha zote na watu 100 wanaokamatwa kila siku. Jibu linajulikana. Mtu aliyekamatwa akisema anaitwa Dupont, nawe unazo picha 100,000 zilizopangwa kwa majina, utamtafuta Dupont wakati yeye amelala chini ya jina jingine. Ukishadanganywa jina, albamu nzima haina faida.

Bertillon aliingia ofisi ya polisi ya Paris mwaka 1879 kama karani wa kunakili maelezo ya watuhumiwa. Maelezo yenyewe yalikuwa ya kuchosha: urefu wa wastani, uso wa kawaida, pua ya kawaida. Lakini baba yake alikuwa daktari na mtaalamu wa takwimu, na kijana alikulia nyumba ya watu wanaopima mafuvu na kuhesabu watu. Akapendekeza wafungwa wapimwe mifupa, kwa hoja kwamba mifupa ya mtu mzima haibadiliki sana na hakuna watu wawili wanaolingana kwa vipimo vyote. Mkuu wa polisi wa wakati ule, Louis Andrieux, alimwona kama amechanganyikiwa. Mkuu aliyefuata baadaye, Jean Camescasse, alimpa nafasi ya majaribio mwishoni mwa 1882, na Februari 1883 akapata wa kwanza: mtu aliyejiita Dupont, ambaye kadi ya vipimo vyake ilionyesha ameshapimwa zamani akiitwa Martin. Mwaka huo walitambuliwa 49. Mwaka uliofuata, 241.

Vipimo vilikuwa kumi na moja: kimo, pima ya mikono miwili iliyonyooshwa, urefu wa kichwa, upana wa kichwa, sikio la kulia, unyayo wa kushoto, kidole cha kati, dhiraa ya mkono wa kushoto na vingine. Mpimaji alitumia bikari kubwa ya chuma, akiibana kichwani na kusoma milimita. Kila kipimo kiligawanywa katika makundi matatu, kidogo, cha kati na kikubwa, na kadi zikawekwa kwenye kabati kwa utaratibu huo. Kichwa kirefu, nenda safu hii, chembamba, teremka, kidole cha kati kifupi, vuta droo ile. Kutoka kadi 100,000 karani alifika kwenye kadi kumi au kumi na mbili. Hapo ndipo alipoitazama picha, kwa mara ya kwanza, ili kuthibitisha.

Sasa ubavu. Wahalifu walikuwa wamegundua zamani kwamba uso unaweza kuharibiwa mbele ya kamera. Mtu anakunja mdomo, anafumba macho, anavimbisha mashavu. New York, mkaguzi Thomas Byrnes alichapisha mwaka 1886 kitabu cha picha za wahalifu, na moja ya picha hizo inaonyesha polisi kadhaa wamemshikilia mfungwa kwa nguvu naye amekunja uso wote, huku Byrnes mwenyewe amesimama pembeni akitazama. Uso pia hufugwa ndevu, hunenepa, huzeeka. Sikio halikunjwi. Bertillon aliliamini sikio kuliko kiungo kingine chochote: mkunjo wa juu, ndewe iliyoshikamana na shavu au iliyoning'inia, kibonyeo cha ndani. Mstari wa paji la uso na pua nao hauonekani vizuri ila kwa ubavu. Kwa hiyo alitengeneza kiti maalumu kilichofungwa sakafuni, na kamera nayo isiyosogezwa, ili kila mtu atoke kwa kipimo kimoja, sehemu moja ya saba ya ukubwa wake halisi. Uso ulikuwa kwa ajili ya mashahidi, maana ndivyo watu wa kawaida wanavyokumbukana. Ubavu ulikuwa wa wataalamu.

Juu ya hayo akawafundisha makachero kuutaja uso kwa maneno na vifupisho vilivyopangwa, ili sura ya mtu iandikwe kwenye kijikaratasi, au ipelekwe kwa simu ya maandishi, na askari wa mji mwingine amtambue kituo cha treni bila kuona picha. Naona huu ndio uvumbuzi wake mkubwa zaidi, na ndio unaosahaulika.

Mtihani wa kisiasa ulikuja mwaka 1892. Machi 11 bomu lilipasua jengo alimokuwa akiishi hakimu mmoja kwenye barabara ya Saint-Germain, na Machi 27 jingine likapasua jengo la mwendesha mashtaka kwenye mtaa wa Clichy. Wote wawili walihusika katika kesi iliyowapeleka waanarkisti jela mwaka uliotangulia. Polisi walikuwa wameshapata jina la mshukiwa, anarkisti aitwaye Ravachol, kutoka kwa watu wake wa karibu, na maelezo yake yakaenea, pamoja na kovu kwenye mkono wa kushoto.

Siku ile ile ya mlipuko wa Clichy, mtu mmoja aliingia mgahawa wa Véry, barabara ya Magenta, akala na kupiga soga na mhudumu aitwaye Lhérot. Alikuwa na maneno mengi kuhusu bomu, na zaidi kuhusu siasa. Mhudumu akaliona kovu. Machi 30 mteja yule alirudi. Ukiniuliza kosa lake kubwa lilikuwa nini, nitasema hilo. Lhérot akatuma ujumbe polisi, na ilichukua askari wengi kumdhibiti. Picha ya kwanza baada ya kukamatwa inamwonyesha uso umevimba kwa kipigo.

Angalia mpangilio wa mambo hapo. Aliyemtambua ni mhudumu wa mgahawa, kwa kovu na kwa domo la mteja mwenyewe. Kazi ya Bertillon ilikuja baadaye, alipompima na kuthibitisha kwamba Ravachol huyu ndiye François Koenigstein aliyepimwa zamani Saint-Étienne. Bertillon akapata sifa nchi nzima na nishani juu yake. Na uthibitisho huo haukuwa mdogo. Koenigstein alikuwa akitafutwa kwa kumuua mzee mmoja mtawa mpweke wa Chambles mwaka 1891 na kuchukua fedha zake. Kesi ya Paris ya mabomu ilimpa kifungo cha maisha na kazi ngumu. Kesi ya Montbrison, ya yule mzee, ndiyo iliyompeleka kwenye gilotini, mashine ya kukata vichwa, Julai 11, 1892. Jina la zamani ndilo lililomuua. Lhérot naye alilipiziwa: jioni ya kabla ya kesi ya Paris, bomu liliripuka katika mgahawa wa Véry. Yeye alinusurika, tajiri yake akafa.

Baada ya Ravachol angalia wengine watatu. Auguste Vaillant alirusha bomu ndani ya Bunge Desemba 9, 1893, akajeruhiwa nalo mwenyewe na kukiri. Émile Henry alirusha lake kwenye mkahawa wa Terminus Februari 12, 1894, akakimbizwa na kukamatwa mitaani. Alitoa jina la uongo, lakini halikudumu. Sante Caserio alimchoma kisu Rais Sadi Carnot mjini Lyon Juni 24, 1894, akakamatwa papo hapo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepatikana kwa kupekua albamu.

Basi wale uliowaona kwenye picha ni nani? Bunge la Ufaransa lilipitisha sheria mbili Desemba 1893 na ya tatu Julai 1894, na waliopinga wakaziita sheria ovu. Kwa sheria hizo, kusifia tendo la waanarkisti au kushirikiana nao kukawa kosa lenyewe. Msako ukapita nyumba kwa nyumba. Washona nguo, wachapishaji, maseremala, wauza magazeti, wanawake kwa wanaume, waliletwa kwenye kile kiti. Ukisoma maandishi ya kadi zao, unakuta jina, umri, mahali pa kuzaliwa, kazi, kisha kwenye nafasi ya kuandika kosa kuna neno moja: anarkisti. Halafu tarehe.

Kuna kadi nyingine ya Bertillon inayofaa kuwekwa kando ya hizo. Oktoba 17, 1893, alimweka mtoto wa ukoo wake kwenye kiti, François Bertillon, umri miezi 23, akampiga uso na ubavu. Kwenye nafasi ya kosa akaandika kwamba ni mlafi, amezitafuna peasi zote za kikapuni. Utani wa familia. Ila mtoto yule angalau alishtakiwa kwa jambo alilolifanya.

Mmoja wa waliopigwa picha mwaka huo ni Félix Fénéon, mhakiki wa sanaa aliyekuwa pia karani wa wizara ya vita, aliyekamatwa Aprili 1894. Kofia kavua, kishungi cha ndevu kidevuni, anatazama lenzi bila wasiwasi wowote. Kesi yake na wenzake, iliyoitwa kesi ya watu thelathini, ilisikilizwa kuanzia Agosti 6 hadi 12. Hakimu alimwambia alionekana akizungumza na anarkisti nyuma ya nguzo ya taa, naye akaomba aelezwe nguzo ya taa ina nyuma upande gani. Baraza likawaachia wote kwa shtaka la njama, na watatu tu wakapatikana na hatia, tena ya wizi. Vuli ya mwaka huo huo Bertillon, akiwa na uhakika wake ule ule, alisimama kama mtaalamu wa mwandiko, jambo ambalo hakulijua, akasema barua ya usaliti iliandikwa na Kapteni Alfred Dreyfus. Alikosea vibaya, na Dreyfus akapelekwa kisiwani Guyana. Hakusafishwa kabisa hadi 1906.

Faida ya kweli ya picha za 1894 ilikuwa mipakani. Ufaransa iliwafukuza waanarkisti wa nje, wengi wao Waitaliano, na vituo vya mpakani vikapewa orodha zenye picha na maelezo ili wasirudi. Hapo kadi ilifanya kazi, kwa kuwa askari alikuwa na watu wachache wa kuwatafuta na mlango mmoja wa kuulinda. Baada ya Malkia Elisabeth wa Austria kuuawa Geneva Septemba 1898, nchi 21 zilikutana Roma, zikakubaliana kuutumia mtindo wa Bertillon wa kuitaja sura kwa maneno. Mwaka 1904 nchi kumi zikatia saini mkataba wa siri St. Petersburg. Polisi wa siri wa Urusi walikuwa na ofisi Paris tangu 1883, na kabati lao la wanamapinduzi lilikuwa kubwa. Wanamapinduzi nao wakajifunza. Lenin, aliyepigwa picha na polisi mwaka 1895, alinyoa ndevu mwaka 1917, akavaa nywele za bandia, akapigwa picha nyingine, na kwa picha hiyo akavuka kwenda Finland kwa jina la mfanyakazi Ivanov.

London ilikwenda mbali zaidi, na watu waliolengwa ni wanawake waliodai haki ya kupiga kura. Wafungwa hawa walikataa kamera, wakikunja nyuso kama yule wa Byrnes. Mwaka 1913 polisi walinunua lenzi ndefu, na mpiga picha akajificha ndani ya gari uani mwa gereza la Holloway akiwapiga walipokuwa wakitembea. Picha zikapelekwa kwenye makumbusho ya sanaa ili walinzi wawajue wanaokuja kuharibu michoro. Mmoja wao ni Evelyn Manesta, aliyekamatwa kwa kuvunja vioo vya michoro kwenye jumba la sanaa la Manchester. Hakutaka kutulia. Kwenye picha ya awali mkono wa askari umemkaba shingo ili atazame mbele. Kwenye ile iliyosambazwa mkono haupo. Umerekebishwa ukaonekana kama skafu. Mlinzi aliyeipokea aliona mwanamke aliyejikalia tu, na skafu yake.

Wakati huo bikari ilikuwa imeshaanza kuwekwa kando. Alama za vidole zilipangwa kwa mfumo unaofaa ofisini huko Bengal, chini ya Edward Henry, na waliofanya hesabu nzito ni Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Mfumo ukaanza kutumika India mwaka 1897 na London mwaka 1901. Ndio uliofika kwetu. Sheria ya kipande ya Kenya ilipitishwa mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya vita, kuanzia 1919: mwanamume Mwafrika mtu mzima aliandikishwa, akapigwa alama za vidole, akatembea na karatasi yake ndani ya kikebe cha chuma shingoni. Harry Thuku aliyekipinga alikamatwa Machi 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiwe ukapigwa risasi. Paris ilihitaji angalau kukushuku kabla haijakuweka kwenye kabati. Nairobi haikuhitaji hata hilo.

Umeuliza pia kuhusu hofu. Ilikuwepo, na ilikuwa ya kila siku: askari anakuja kumwuliza mwenye nyumba habari zako, kisha anakwenda kwa mwajiri wako, na wote wawili wanajua sasa kwamba uko kwenye orodha. Kwa mshona nguo mwenye chumba cha kupanga, hilo lilitosha. Lakini orodha moja kubwa haikufanya lolote. Ufaransa ilikuwa na daftari liitwalo Carnet B, lenye majina yapatayo 2,500 ya watu wa kukamatwa siku vita ikitangazwa, waanarkisti na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakiwamo. Bertillon alikufa Februari 1914. Agosti 1 mwaka huo majeshi yakaitwa, na waziri wa mambo ya ndani, Louis Malvy, akaamua daftari lisitumike. Wengi wa waliomo waliripoti kambini kama raia wengine.